Mkono wa Mnunuzi ni Kipimo

Mwangalie mama anunuaye khanga. Haridhiki kuitazama rangi na kuyasoma maandishi. Huushika upindo, akaufikicha baina ya kidole gumba na cha shahada, ndipo aulize bei. Wapo wasomi wanaoliona tendo hilo kuwa ni mazoea ya sokoni tu. Mimi naliona kuwa ni upimaji wa kisayansi, na yasikitisha kwamba shule haziutumii.

Siri imo katika kule kufikicha. Mwanasaikolojia wa Kijerumani, David Katz, alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1925 kwamba kidole kilichotulia juu ya kitu hakijui mengi, sharti kitembezwe. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2000 ulifafanua zaidi. Mikwaruzo mikubwa, kama ile ya gunia la katani, ngozi huitambua hata pasipo mwendo. Lakini iliyo midogo kuliko takriban milimita 0.2, kama ya hariri, hutambulikana kwa mitetemo inayozuka kidole kinapopita juu ya nyuzi. Neva huipeleka habari hiyo kwenye ubongo, nao ndio utoao hukumu. Protini iitwayo Piezo2, inayoziwezesha neva kuhisi mguso, ilitambuliwa mwaka 2010 na kundi la Ardem Patapoutian, ambaye mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na David Julius.

Hata hivyo, mkono hudanganyika. Ngozi ya binadamu haina kipokezi cha unyevu. Hukisia kwa ubaridi na kunata. Ndiyo maana mtu anayeanua nguo jioni ya baridi husita: hazijakauka, au zimepoa tu? Kosa hilo halina gharama. Lenye gharama liko dukani. Kitambaa chepesi cha pamba kikitiwa wanga kiwandani huonekana kizito na imara mkononi, kisha kikifuliwa hulegea kama chandarua. Anayeumia ni yule aliyedunduliza fedha yake kwa miezi.

Darasa laweza kumsaidia. Mwaka 1930 F. T. Peirce wa Uingereza alionyesha kuwa ugumu unaohisiwa na mkono hupimika: ukanda wa kitambaa husukumwa nje ya ukingo wa meza mpaka uiname kwa uzito wake wenyewe kufikia pembe iliyowekwa. Ulio mgumu hufika mbali, mlaini huinama mapema. Hapahitajiki maabara. Mwalimu akate kanda za upana wa sentimita 2.5 kutoka vitambaa vipya vya namna mbalimbali, nusu yake zifuliwe kwa maji moto na kukaushwa vyema. Wanafunzi, macho yakiwa yamefungwa, wazipange kwa kuzigusa. Halafu wazipime kwa rula na kipimapembe, wakitumia digrii 45.

Najua jibu la walimu wengi: mtihani hauulizi hayo, huuliza mchoro wa ngozi na majina ya sehemu zake. Basi mchoro na ubaki, lakini uje baada ya vitambaa, mwanafunzi akiwa tayari na swali la kuuliza. Na pale mkono na rula vitakapokataana, mwalimu asifanye haraka kuupa mkono kosa, maana rula hiyo hupima ugumu peke yake, ilhali kidole kimekwisha kuchanganya ugumu, unene, mikwaruzo na ubaridi katika hukumu moja.