Alama za mtihani na swali tusilouliza

Wazazi wenzangu, na ninyi wanafunzi wetu wa Jumamosi,

Msimu wa MCA umefika, na pale nje tunapowashusha watoto mazungumzo ni hayo tu. Maoni yangu ni kwamba tunaziogopa mno alama, halafu zikishatoka hatuzitumii.

Wengi wetu tulikuzwa na mtihani mmoja. Tanzania ni ule wa darasa la saba. Kenya ilikuwa KCPE, tangu 1985 hadi ulipofanywa mara ya mwisho 2023. Kwetu Tanzania, ukifaulu sana ulichaguliwa kwenda shule ya vipaji maalum, kama Ilboru, Kibaha au Kilakala. Baba yako hakuandika barua kwa mtu. Serikali ilikutafuta yenyewe. Nadhani ndiyo maana hapa Inver Grove Heights tunakaa kimya tukisubiri karatasi ije nyumbani.

Huku mambo hayaendi hivyo. MCA huanza darasa la tatu, kusoma na hesabu, na kazi yake ni kupima kama mtoto amefikia kiwango cha darasa lake. Haukutungwa kutafuta vipaji. Akipata ngazi ya juu kabisa kati ya zile nne, mpongezeni, lakini hiyo peke yake haimpeleki popote. Kwa vipaji, shule nyingi za Marekani hutumia mtihani mwingine, kwa mfano CogAT, wenye sehemu tatu: maneno, namba na maumbo. Mtoto aliyefika juzi kutoka Nyarugusu au Kakuma anaweza kung'ara kwenye maumbo, kisha maneno ya Kiingereza yakamshusha, na jumla yake ikaonekana ya kawaida. Kwa hiyo usiishie kuuliza kapata ngapi. Uliza kapata ngapi katika sehemu ipi.

Mimi ni muuguzi. Kipimajoto kikisoma 39 sisemi moja kwa moja kuwa ni malaria, wala sikitupi kipimajoto. Napima mapigo na presha, namuuliza mgonjwa amelalaje. Wapo wanaotaka mitihani hii ifutwe yote, siko nao. Mwaka 2005 wilaya moja kubwa ya shule huko Florida ilianza kuwapima watoto wote wa darasa la pili, badala ya kusubiri mwalimu au mzazi apendekeze jina. Watoto weusi na Walatino walioingia kwenye programu ya vipaji wakaongezeka sana. Uwezo walikuwa nao siku zote, ila hakuna aliyewataja.

Darasani kwetu yupo mmoja. Tukicheza duka kwa shilingi, anarudisha chenji kabla sijamaliza kutaja bei. Shuleni kwake yuko kwenye kundi la wanaojifunza Kiingereza, na mama yake anasema habari za vipaji hajawahi kuzisikia.

Sheria ya Minnesota inazitaka wilaya za shule ziwe na mwongozo wa kuwatambua watoto wenye vipaji. Inasema vipimo viwe zaidi ya kimoja, na watoto wa kipato cha chini na wanaojifunza Kiingereza wasisahaulike. Basi mwandikieni mwalimu, mistari miwili tu: naomba mwanangu apimwe kwa ajili ya programu ya vipaji, na naomba kujua mnatumia vipimo gani. Mkiitwa kwenye kikao, ombeni mkalimani. Ni haki yenu na hamlipi. Msimtumie mtoto kutafsiri mazungumzo yanayomhusu yeye mwenyewe. Atatafsiri anayoyapenda.

Nanyi watoto, usiku wa kuamkia mtihani laleni mapema. Mengine tuachieni sisi.

Jumamosi hii nitabaki nusu saa baada ya kipindi kwa anayetaka tuandike barua pamoja. Leteni karatasi za alama za mwaka jana, hata zile mlizozificha kwenye droo.