Dhamana si Ruhusa ya Kutuzungusha



Tutajapo haki, mara nyingi twafikiri juu ya mambo makubwa: ardhi, mishahara, uchaguzi. Safari hii twaomba tuzungumze juu ya friza. Huenda wapo watakaotabasamu. Lakini tumeshuhudia friza moja mbovu ikikaribia kuivunja jumuiya nzima, na somo lake lawahusu wote walionunua jokofu, televisheni au mashine ya kufulia kwa akiba ya muda mrefu.

Akina mama wa jumuiya mojawapo ya parokia yetu, hapa pwani ya Kenya, walichanga fedha kwa zaidi ya mwaka, wakanunua friza ya kuhifadhia samaki kwa shilingi 58,000. Muuzaji akawashauri waongeze shilingi 7,000 ili wapate dhamana ya nyongeza ya miaka 2, itakayoanza baada ya mwaka mmoja wa dhamana ya kiwanda. "Mkishalipa hii, mama zangu, laleni usingizi," aliwaambia. Wakalipa.

Katika mwezi wa 15 friza iliacha kugandisha. Fundi alikuja, akajaza gesi, akaenda zake. Baada ya wiki tatu ikaacha tena. Akaja fundi mwingine, naye akajaza gesi. Mara ya tatu ilibadilishwa kompresa. Mara ya nne ikajazwa gesi tena. Kila walipokwenda dukani walipewa jibu lile lile: dhamana yao ni ya matengenezo, na matengenezo yanafanyika.

Wakati huo samaki walikuwa wakioza. Mapato yalipungua, na wanachama wakaanza kumtazama mweka hazina kwa jicho la shaka. Wawili walijitoa, naye mweka hazina akaacha kufika kwenye sala za jumuiya. Hapo ndipo jambo lilipotufikia sisi mapadre, na lilitufikia kama ugomvi wa fedha. Hakuna aliyetaja friza mpaka tulipouliza mara ya pili.

Tulimwomba fundi mmoja, mwana wa parokia, atueleze. Alisema neno ambalo yafaa kila mnunuzi alijue. Gesi ya friza haitumiki ikaisha kama gesi ya kupikia. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa na kurudi ilikotoka, miaka na miaka. Ikipungua, basi pana tundu. Kujaza gesi bila kutafuta tundu na kuliziba ni kutia maji katika mtungi uliotoboka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulijionyesha mara nne, na hakuna aliyeuziba.

Kwa nini haukuzibwa? Kutafuta tundu ni kazi ya saa nyingi. Kujaza gesi ni kazi ya muda mfupi. Ikiwa fundi hulipwa kwa idadi ya nyumba anazozifikia kwa siku, atafanya lililo jepesi. Kwa hiyo tusimtukane fundi, kwani huenda naye ni kibarua aliyebanwa. Lawama ya kwanza ni ya yule aliyepokea shilingi 7,000, kisha akahesabu safari za fundi kuwa ndio utimizaji wa ahadi.

Anunuaye dhamana hanunui ziara za fundi. Ananunua friza igandishayo. Ahadi ni deni, na deni halilipwi kwa mdaiwa kubisha hodi mara nne akiwa mikono mitupu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2409, inaitaja kazi iliyofanywa vibaya miongoni mwa makosa dhidi ya amri ya saba. Na namba 2410 inafundisha kwamba ahadi zitimizwe na mikataba iheshimiwe. Matengenezo ya uongo, basi, yasihesabiwe kuwa bahati mbaya tu. Mali ya mtu imechukuliwa.

Sheria ya nchi nayo haiko kimya. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayohitaji, na haki ya kufidiwa hasara itokanayo na kasoro. Ipo pia Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Haki hizi hazitokani na ile karatasi ya shilingi 7,000. Dhamana ya nyongeza yaweza kuongeza juu yake, haiwezi kuzifuta.

Wako watakaosema, mvumilivu hula mbivu. Ni kweli kwa embe, lakini samaki aliye katika friza mbovu haivi, huoza. Mjane wa Injili hakukaa nyumbani akingoja. Alimwendea kadhi tena na tena mpaka akapewa haki yake. Basi yatupasa tufanye haya:

Kwanza, tuisome dhamana kabla ya kulipa. Tuulize: ikishindikana kutengenezwa, tutapewa nyingine au tutarudishiwa fedha? Baada ya mara ngapi? Jibu liandikwe.

Pili, tuweke daftari: tarehe ya kila hitilafu, jina la fundi, alichokifanya, na hasara iliyopatikana. Tusimwachie fundi aondoke bila kuandika sababu ya ubovu.

Tatu, hitilafu ile ile ikirudi, tuandike barua kwa msimamizi wa duka, tudai kubadilishiwa au kurudishiwa fedha, na nakala yetu igongwe muhuri.

Nne, barua isipojibiwa, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Mtu aweza kujitetea mwenyewe pasipo wakili, na shauri lapaswa kukamilika katika siku 60.

Nasi tuwe wakweli. Ikiwa friza iliungua kwa sababu tuliiunganisha na nyaya mbovu, tusimsingizie muuzaji. Adaiye haki sharti aje na mikono safi.

Akina mama wale waliandika barua yao, wakaambatanisha daftari. Duka liliwarudishia bei ya friza. Shilingi 7,000 za dhamana na thamani ya samaki walioharibika hawajalipwa, na dai hilo wanaliendeleza. Lakini siku daftari lilipofunguliwa mbele ya jumuiya, tarehe za friza kuharibika zililingana na tarehe za mapato kushuka. Wanachama walimwomba mweka hazina msamaha, naye amerudi. Haki ilipokosekana dukani, amani ilikosekana jumuiyani. Ukweli ulioandikwa umeanza kuvirudisha vyote viwili.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Ni nani kati yetu anayezungushwa leo kwa matengenezo yasiyokwisha? Tumsaidieje kuandika barua?

2. Je, sisi tulio mafundi au wafanyabiashara, kazi zetu zaziba tundu, au zajaza gesi tu?