Chakula cha Mbwa Kinachopimwa kwa Kilo

Kabla Kenya haijaanza kuhesabu watu waliouawa na sumukuvu, ilikuwa imeshahesabu mbwa. Mwaka 1977 na 1978 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa kulishwa chakula kilichoota ukungu ghalani. Mwaka 1981 ikawa zamu ya watu: Machakos wagonjwa 20 walilazwa hospitalini na 12 wakafa kwa mahindi yenye sumu hiyohiyo, ile ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Mwaka 2001 vifo vilifika Meru Kaskazini. Kisha 2004 yakaja maafa ya Makueni, Kitui na wilaya jirani: wagonjwa 317, waliokufa 125. Mbwa walitangulia kutoa taarifa, ila hakuna aliyeipokea.

Historia hiyo inamhusu kila anayesimama leo kwenye duka la agroveti, iwe Makutano mjini Meru au katikati ya mji wa Embu, akijiuliza amnunulie mbwa wake nini. Ushauri wa kawaida ni kwamba asome lebo. Ni ushauri mzuri, lakini ulitungwa kwa ajili ya nchi ambako mnunuzi hubeba mfuko uliofungwa kiwandani. Huku gunia hufunguliwa, likawekwa kando ya kaunta, na mteja akapimiwa kilo mbili kwenye mfuko wa karatasi. Lebo inabaki dukani, na gunia likiisha inatupwa pamoja nalo. Swali la kwanza basi ni kama serikali za kaunti zilazimishe lebo imfuate mnunuzi. La pili ni gumu zaidi: hata ikimfuata, inamwambia lile analohitaji kujua?

Chukua kwanza yale inayosema. Mistari minne huonekana karibu kila mahali: protini ghafi, mafuta ghafi, nyuzi ghafi na unyevu. Wengi hukimbilia protini na kuruka unyevu, na hapo ndipo wanapopotea. Mkebe wa nyama wenye protini asilimia 8 unaonekana duni mbele ya chakula kikavu chenye asilimia 20. Lakini mkebe huo una maji asilimia 78, na chakula kikavu asilimia 10 tu. Ukiyatoa maji pande zote mbili, mkebe unapata protini asilimia 36 na kile kikavu 22. Viwango vya Marekani, ambavyo hutumiwa kama kipimo katika nchi nyingi, vinataka angalau asilimia 18 kwa mbwa mzima na 22.5 kwa mtoto wa mbwa, vikipimwa kwa namna hiyohiyo, maji yakiwa yametolewa.

Hata hivyo protini ghafi haipimwi yenyewe. Maabara hupima naitrojeni, kisha hukadiria. Manyoya yana naitrojeni, ngozi ina naitrojeni, na melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, inayo tele. Machi 2007 kampuni ya Menu Foods iliondoa sokoni mamilioni ya mikebe na pakiti Marekani na Kanada, kisha ikagundulika kwamba gluteni ya ngano kutoka China ilikuwa imechanganywa na melamini ili namba ya protini ipande. Lebo zilikuwa nadhifu. Paka na mbwa walikufa kwa figo.

Kwa hiyo maneno ya kutafuta kwanza yawe yale yanayosema kama chakula ni mlo kamili au ni cha nyongeza, na ni cha mnyama wa umri gani. Picha ya mnofu iliyo mbele ya mfuko isimshughulishe mtu. Kwa kanuni za Marekani, chakula kinachojinadi kuwa kina nyama ya ng'ombe ndani yake kinatakiwa kiwe na asilimia 3 tu ya nyama hiyo, na kinachojinadi kwa ladha yake kinaweza kuwa na chini ya hapo.

Kile ambacho lebo haisemi ndicho kinachouma zaidi upande huu wa Mlima Kenya: mahindi yaliyotumika yalikuwa ya namna gani. Kati ya Desemba 2020 na Januari 2021 chakula cha mbwa cha Sportmix kiliua mbwa zaidi ya 100 Marekani, nchi yenye maabara na wakaguzi, kwa sababu mahindi yake yalikuwa na sumukuvu kupita kiwango cha sehemu 20 kwa bilioni. Kenya kiwango cha mahindi ya binadamu ni sehemu 10, na Novemba 2019 Shirika la Viwango, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga wa ugali kwa kukivuka.

Mahindi yanayokataliwa huenda wapi? Jibu linajulikana katika boma lolote la Mbeere, ng'ambo tu ya Mto Tana ukitokea Kitui na Machakos. Mama huchambua mahindi, yaliyo safi yakaenda jikoni na yenye ukungu yakawekwa kando kwa kuku, ng'ombe na mbwa. Kwa hesabu za umaskini ni busara. Kwa hesabu za ini ni kinyume kabisa, maana mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi na sumu hii, na ndiye anayekula kitu kilekile asubuhi na jioni, mwaka mzima. Kupika hakuiondoi. Mbwa anapoanza kukataa chakula, kutapika na kuwa na macho ya manjano, ini lake huwa limekwisha kuumia.

Hapa ugali unastahili kutetewa. Wauzaji wa chakula cha mifuko hupenda kuusema kama takataka, ilhali utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwa mwitu, amebeba nakala nyingi za jeni ya kumeng'enya wanga. Ameishi na wakulima muda mrefu. Ugali wa mahindi safi uliochanganywa na omena nzima, mboga kidogo na mafuta ni mlo wa heshima kwa mbwa wa kienyeji, na mifupa midogo ya omena humpa kalisiamu ambayo nyama tupu haina. Ni bora kuliko unga wa bei rahisi usiojulikana ulisagwa lini. Mtoto wa mbwa wa aina kubwa, anayekua kwa kasi, ni habari nyingine. Huyo anahitaji mlo uliopimwa.

Paka naye asichanganywe humu. Bila taurini moyo wake hupanuka na kushindwa kazi, jambo lililothibitishwa na watafiti wa California mwaka 1987, na ugali kwa maziwa hauna taurini ya kumtosha. Paka wa ghalani Runyenjes anayekamata panya amelishwa vizuri kuliko paka wa ghorofani mjini anayepewa chakula cha mbwa.

Na kwa kuwa Embu na Meru ni nchi ya makadamia, wenye mashamba wajue kwamba njugu hizo humlegeza mbwa miguu ya nyuma, zikamtetemesha na kumtapisha. Kwa kawaida hupona ndani ya siku mbili, baada ya kuwatisha watu wote nyumbani.

Turudi kwenye sheria. Wapo watakaosema kaunti zina dawa za hospitali za kununua, kwa hiyo chakula cha mbwa kisubiri. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba mahindi ni mkondo mmoja: gunia lililokataliwa kwenye kinu cha unga wa watu linaweza kuishia kwenye mashine ya kuchanganya chakula cha mifugo, na sumu ikarudi mezani kupitia maziwa. Isitoshe, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na leseni za mbwa, kwa maneno yasiyo na utata.

Kupiga marufuku kupimia kwa kilo kungekuwa kosa. Anayenunua kilo mbili hana pesa za gunia zima, na ukimnyima kilo mbili atarudi kwenye mahindi yenye ukungu. Inatosha muuzaji alazimike kuacha lebo ya gunia ikionekana hadi punje ya mwisho, yenye tarehe na jina la aliyetengeneza, na kumwandikia mnunuzi tarehe hiyo kwenye mfuko wake. Gharama yake ni kalamu.

Kupima sumukuvu kunagharimu zaidi, ila si lazima kila gunia lipimwe. Mavuno ya mvua za vuli hutoka Februari na Machi, na mara nyingi mvua za masika huyakuta bado uani hayajafika unyevu wa asilimia 13.5 ambao Bodi ya Nafaka, NCPB, huudai. Afisa wa mifugo mwenye vipimo vichache vya haraka, vya aina wanavyotumia wenye vinu, angevipeleka Aprili na Mei kwa wachanganyaji wa chakula wa Nkubu, Maua, Siakago na Kiritiri, kabla magunia hayo hayajafika kwenye maduka ya agroveti.