Tahariri: Aliyetolewa kizazi naye apewe arobaini yake

Mama anapojifungua katika jamii zetu, iwe Unguja, Mombasa, Tanga au Bujumbura, hakuna anayemuuliza kama anahitaji msaada. Msaada huja wenyewe. Mama yake huingia na kikapu, shangazi hushika jiko, uji wa pilipili manga hupikwa kabla hajauomba, watoto wakubwa hupelekwa kwa bibi yao, na mzazi hukaa siku 40 hashiki ufagio. Hata huku ughaibuni ada hii haijafa. Mtu akijifungua London au Milton Keynes, masufuria ya supu hufika mlangoni na wanawake hupokezana zamu.

Mama huyo huyo akitolewa kizazi miaka kadhaa baadaye, mambo huwa mengine kabisa. Anatoka hospitali Ijumaa, na Jumatatu asubuhi yuko kwenye lango la skuli, mkono mmoja umeshika mkoba wa mtoto, wa pili umeshika tumbo. Hakuna aliyekuja kwa sababu hakuna aliyeambiwa. Jirani anaambiwa ni "upasuaji mdogo tu". Kule nyumbani mama yake haambiwi kitu, asije akapandwa na presha.

Sisi tunaona kimya hiki kinawaumiza akina mama kuliko kisu cha daktari, na ndiyo maana tumeona tulizungumze leo waziwazi.

Chanzo kimoja cha kimya ni lugha yetu wenyewe. Kwa Kiswahili, kizazi ni mfuko wa uzazi, na kizazi pia ni watu, ni nasaba, ni wajukuu watakaokuja. Tukisema fulani "hana kizazi" tunamaanisha ni tasa. Kwa hiyo mama wa watoto watano anayeambiwa na daktari kuwa kizazi kitolewe, husikia jambo kubwa zaidi ya lile alilolisema daktari. Huogopa mumewe atasikia nini, mawifi watasema nini, na kama ataitwa mwanamke nusu. Basi hunyamaza. Wengine huchelewesha tarehe ya upasuaji mwaka hadi mwaka.

Na kuchelewa huko kuna gharama. Sababu kubwa inayowafikisha wanawake wengi kwenye upasuaji huu ni uvimbe wa kizazi, ule unaojulikana kwa jina la faibroidi. Uvimbe huo mara nyingi si saratani, lakini huleta damu nyingi na maumivu. Utafiti uliofanywa Washington na kuchapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa, kufikia umri wa miaka 50, wanawake weusi zaidi ya asilimia 80 wanakuwa wameupata, na weupe karibu asilimia 70. Kwa wanawake wenye asili ya Kiafrika huanza mapema zaidi, yaani katika miaka ile ile ya kulea. Mama anavuja damu siku 10 kila mwezi, anapanda ngazi akipumzika katikati, anatafuna barafu bila kujua kuwa hamu hiyo yaweza kuwa dalili ya upungufu wa damu, na ukimuuliza kwa nini hajaenda hospitali anakujibu kwa swali: nani atanishikia watoto?

Swali hilo ni la haki. Waliopanga tarehe za hospitali hawakulijibu, na jamii yetu nayo haijalijibu.

Kabla ya kufika huko, hata hivyo, tunataka kila mama ajue kuwa kutolewa kizazi si jibu la kwanza kwa kila mwenye uvimbe. Kuna dawa za kupunguza damu, kuna kitanzi chenye homoni, kuna upasuaji wa kutoa uvimbe peke yake na kuacha kizazi, na kuna njia ya kuziba mishipa inayolisha uvimbe. Si zote zinamfaa kila mtu, na kwa saratani habari ni nyingine. Lakini kuuliza si utovu wa adabu. Huko Marekani mwaka 1961, Fannie Lou Hamer, ambaye baadaye alikuwa mpiganiaji mashuhuri wa haki za watu weusi, aliingia hospitali Mississippi kutolewa uvimbe, akatoka ametolewa na kizazi bila ridhaa yake. Ridhaa tunayotakiwa leo kuitia saini imelipiwa na wanawake kama yeye. Basi tusiitie saini kama tunavyosaini risiti ya dukani.

Yapo mambo mawili ya kuuliza ambayo wengi huyasahau. La kwanza ni vifuko vya mayai. Vikitolewa pamoja na kizazi, hedhi hukoma papo hapo na joto, jasho la usiku na kukosa usingizi huweza kuanza ndani ya siku chache. Mama na ajue mapema kama dawa za homoni zitamfaa. La pili ni mlango wa kizazi. Ukiachwa, bado anatakiwa kuendelea na kile kipimo cha saratani cha kila baada ya miaka kadhaa. Tumesikia wengi wakidhani kipimo hicho kimeshawapita.

Na maswali hayo yaulizwe kwa lugha ambayo mama anaielewa. Hapa inabidi tuseme kwa ukali kidogo. Katika familia zetu, khasa zile zilizofika karibuni kutoka Congo na Burundi kupitia makambi ya wakimbizi, anayemtafsiria mama hospitali ni mtoto. Mvulana wa miaka 12 anakaa kati ya daktari na mama yake, anaulizwa damu inatoka siku ngapi na kama mama anaumia katika tendo la ndoa. Mtoto hana maneno hayo, na akiwa nayo anaona haya, na mama naye anaficha nusu ya majibu. Nchini Uingereza hospitali za umma zinatakiwa kumtafuta mkalimani bila malipo, na Marekani sheria inazuia watoto kutumiwa kwa kazi hiyo isipokuwa katika dharura. Mwambie karani siku unayopewa tarehe: nataka mkalimani wa Kiswahili, na awe mwanamke. Ni haki yako kuomba.

Sasa turudi kwa watoto, maana ndiko kwenye mzigo.

Upasuaji wa kupasua tumbo huhitaji wiki 6 hadi 8 za kupona. Ule wa matundu madogo, au wa kupitia chini, hupona haraka zaidi, lakini hapa ndipo watu wanapodanganyika: kovu la nje ni dogo, ila ndani kumekatwa na kushonwa vile vile. Mama anaonekana mzima, anatabasamu, kwa hiyo anaachiwa kila kitu. Mtoto wa miaka 2 ana kilo 11 au 12. Hiyo ni karibu nusu mfuko wa mchele wa kilo 25, na mama hunyanyua mzigo huo labda mara 20 kwa siku bila kuhesabu: kitandani, bafuni, kitini, garini.

Kwa hiyo maandalizi yaanze wiki 2 au 3 kabla. Mtoto mdogo afundishwe kupanda mwenyewe kwenye kochi, na mama akae ndipo mtoto aje, badala ya mama kuinama. Kama anaoga kwenye beseni au kwenye bafu la kuzama, mtu mwingine ashike kazi hiyo tangu sasa ili isiwe jambo geni siku ile. Masufuria mazito yashushwe kutoka kabati za juu na yapandishwe kutoka za chini, yakae usawa wa kiuno. Maharage, mchuzi na chapati vipikwe vya kutosha na viwekwe kwenye friza. Na ijulikane kwa jina, si kwa matumaini, ni nani atawapeleka watoto skuli na nani atawarudisha, kwa kuwa mama hataendesha gari kwa wiki kadhaa, na kabla ya kurudi kwenye usukani inafaa kuwauliza daktari na kampuni ya bima.

Watoto nao waambiwe. Si lazima kuwaeleza kila kitu; mdogo atatosheka na "mama ana kidonda tumboni, hatakubeba mpaka kipone, lakini atakukumbatia akiwa amekaa." Mtoto asiyeambiwa hutunga sababu yake mwenyewe, na mara nyingi sababu hiyo ni kwamba mama amekasirika au anakufa. Binti mkubwa aambiwe zaidi. Lakini asigeuzwe mama wa nyumba. Tumeona wasichana wa miaka 14 wanaokosa masomo kwa sababu hii, huku kaka zao wa miaka 17 wakicheza mpira.

Tunasema mama aliyetolewa kizazi apewe arobaini yake, na hesabu yenyewe inakubali: wiki 6 ni siku 42. Apelekewe uji, supu na mtori. Asindikizwe kutembea kidogo kila siku, maana kulala tu kitandani huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Apewe maji mengi, matunda na mboga, kwani kufunga choo baada ya upasuaji ni adha ambayo wengi hawaitaji. Wakati wa kukohoa au kucheka akumbatie mto tumboni.

Ila si kila la arobaini lihamie huku. Kukandwa tumbo kwa maji ya moto, kufungwa mkaja na kufukizwa ni mambo ya mzazi, na hata huko kuna maneno. Aliyepasuliwa ana mshono mbichi nje na ndani. Asikandwe, asifungwe wala asifukizwe bila daktari kukubali. Bibi aliyesafiri kutoka Pemba kuja kumsaidia mwanawe na aelezwe hili kwa heshima siku ya kwanza, kabla hajateleka maji.

Na wote walio nyumbani wazijue dalili ambazo hazisubiri asubuhi: damu nyingi, homa, majimaji yenye harufu mbaya, kidonda kuwa chekundu na kuvimba, kushindwa kukojoa, ndama ya mguu kuvimba na kuuma. Pumzi kukatika au kifua kuuma ni ambulansi, si simu kwa shoga. Damu kidogo kwa wiki chache za mwanzo ni kawaida.

Kuhusu waume, tunawajua wengi waliosimama imara, na wapo waliojifunza kusuka nywele za binti zao katika wiki hizo, ingawa mistari haikunyooka. Wapo pia waliosubiri chakula mezani siku ya tatu. Kwa wale wanaosema kazi haiwaruhusu, tunawakumbusha kuwa sheria inawaruhusu zaidi ya wanavyodhani. Marekani, mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 na saa 1,250 za kazi kwa mwajiri mwenye watu 50 au zaidi anaweza kupata hadi wiki 12 za likizo bila malipo kumuuguza mkewe, na kazi yake ikamngoja. Uingereza ipo likizo ya mzazi isiyo na malipo, hadi wiki 4 kwa mwaka kwa kila mtoto, na mwajiri hutakiwa kuarifiwa siku 21 kabla. Bila malipo ni maumivu, tunajua, kodi ya nyumba haijui likizo. Lakini tarehe ya upasuaji hutolewa mapema, na fedha za wiki 2 huweza kuwekwa pembeni. Mume huyo huyo na ajue pia kwamba tendo la ndoa lingoje mpaka daktari aseme, kwa kawaida wiki 6, na kwamba mkewe hajapungua uke wake kwa chochote.

Mama mwenyewe asiharakishe kurudi kazini. Wengi wa akina mama zetu hawakai ofisini. Wanainua wazee kwenye vitanda, wanasukuma ndoo za usafi, wanabeba maboksi kwenye maghala. Kazi hizo hazilingani na ya kuandika kwenye kompyuta, na daktari asiyeambiwa kazi yako ni ipi ataandika wiki za mtu wa ofisini. Uingereza, siku 7 za mwanzo mgonjwa hujithibitisha mwenyewe kwa mwajiri. Baada ya hapo inatakiwa hati, na hospitali inaweza kuitoa kabla hajaondoka wodini. Aiombe pale pale.

Limebaki la jumuiya zetu. Kila mji wenye Waswahili 50 una jumuiya, ina mwenyekiti na mweka hazina, na akifa mtu London leo, kufikia kesho usiku mchango wa kumsafirisha umetimia. Hilo ni jema na liendelee. Tunachouliza ni kwa nini mtu afe kwanza. Jumuiya haihitaji kujua mama fulani anapasuliwa nini. Inatosha mwanamke mmoja anayeaminika, somo wa mji, apigiwe simu aambiwe "nahitaji wiki 6", naye apange: Jumatatu fulani anapika, Jumanne fulani anaosha nguo, na asubuhi zote 5 kuna gari la kwenda skuli. Jina la ugonjwa libaki kwake.

Kazi hiyo inaweza kuanza Jumapili hii, katika mkutano ule ule wa kupanga sherehe ya Idi au mechi ya vijana. Ipitishwe karatasi, na waandike majina kwanza wenye magari na viti vya watoto.