Hesabu ya dizeli isisahau kifua cha mtoto

Jirani yangu mmoja hapa Nairobi amekuwa akiweka akiba kwa miaka minne ili anunue gari la familia. Juzi alinijia na karatasi mbili kutoka kwa muuzaji wa magari ya mitumba, moja ya gari la petroli na nyingine ya gari lilo hilo, ila la dizeli. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Dizeli huenda mbali zaidi kwa kila lita, na kwa kawaida bei yake kituoni huwa chini kidogo. "Hapa sioni la kufikiria," akasema.

Nilimuuliza swali moja tu: gari hilo litakuwa likienda wapi kila siku? Akajibu kwamba ni kumfikisha mama watoto kazini, watoto shuleni, na Jumapili kanisani. Safari ndefu ni ya Desemba, kwenda kuwaona wazee mashambani.

Kwa maoni yangu, mtu wa safari kama hizo anunue gari la petroli. Tena bintiye wa pili ana pumu, na dawa yake ya kuvuta haitoki mkobani.

Mnamo Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Tangu 1988 lilikuwa likisema tu kwamba yaelekea husababisha. Ni kweli ushahidi huo ulitokana zaidi na watu waliouvuta moshi huo kwa miaka mingi kazini, wakiwemo wachimba migodi wa Marekani. Lakini mwenye pumu hangoji miaka mingi. Masizi ya dizeli ni chembe ndogo mno zinazopita puani bila kuzuiwa, zikatua ndani kabisa ya mapafu, na gesi za naitrojeni zinazoandamana nazo huwasha njia za hewa. Mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake. Isitoshe, asubuhi baba anapolipasha gari moto langoni, pua ya mtoto anayesubiri nyuma iko karibu na ekzosi.

Watetezi wa dizeli watasema magari ya siku hizi yana chujio la masizi. Wako sawa, na chujio zima hunasa karibu masizi yote. Shida ni kwamba chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi liliyonasa, na ili lifanye hivyo sharti ekzosi ipate moto mkali. Moto huo hupatikana gari likienda kwa kasi moja barabara kuu kwa robo saa hivi au zaidi. Nani anapata nafasi hiyo katika msongamano wa Jogoo Road saa moja asubuhi?

Basi chujio huziba, taa huwaka mbele ya dereva, na gari hukosa nguvu. Chujio jipya ni ghali. Ndipo fundi anapotoa ushauri: tulipasue, tutoe vya ndani, turudishe ganda. Gari hupata nguvu na mwenyewe hufurahi, kumbe amenunua moshi ule ule wa lori kuukuu. Kumbuka pia kwamba Kenya huruhusu magari ya hadi miaka minane kuingizwa nchini, kwa hivyo chujio laweza kuwa limechoka hata kabla ya kufika bandarini Mombasa.

Mafuta yenyewe yameboreshwa, hilo tukubali. Tangu Januari 2015 kiwango cha salfa katika dizeli ya Afrika Mashariki kimeshushwa hadi sehemu 50 katika milioni. Ulaya ni 10.

Petroli nayo si maji ya kunywa. Risasi iliondolewa humo mwishoni mwa 2005, lakini injini ya petroli hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu na yenye kuua. Usiiwashe kamwe ndani ya gereji iliyofungwa. Na wezi wakikung'olea kisafisha moshi kilicho chini ya gari, kirudishe.

Kama ningekuwa mtu wa kwenda Kitale na kurudi kila wiki, ningefikiria dizeli bila wasiwasi mwingi, mradi chujio liwe zima. Kulipima si kazi kubwa. Injini ikiwa imepoa, ingiza kitambaa cheupe ndani ya bomba la ekzosi na uzungushe. Kikitoka cheusi tititi, huenda chujio limetobolewa au limetolewa, hata muuzaji aape vipi.

Jirani yangu anarudi kwa muuzaji Jumamosi. Mkewe amesema ataandamana naye, na leso amekwisha kuitia mkobani, kando ya dawa ya mtoto.