Matarumbeta yaliyofungiwa stoo

Nina ugomvi na watu wa aina mbili: wanaodhani tarumbeta ni pambo, na wanaodhani mpiga tarumbeta wa harusini ni mhuni aliyekosa kazi.

Hawa wa pili nakutana nao kila wikiendi. Msafara wa maharusi unapita, mbele kuna Canter imebeba vijana wanane waliovaa mashati ya rangi moja, wanapuliza mpaka mishipa ya shingo inataka kupasuka, na jamaa mmoja ndani ya daladala anasonya, "Makelele tu haya." Huyo huyo siku akioa, kamati yake ikishapata ukumbi na MC, kinachofuata ni kutafuta matarumbeta. Na wakifika atataka wapunguze bei.

Kwa muda sasa nimekuwa nikishinda Jumapili jioni na kundi moja la vijana wa Mbagala. Mmoja ni bodaboda, mwingine anauza mitumba, mwingine fundi rangi. Hakuna hata mmoja anayeishi kwa muziki. Wawili walijifunzia kanisani, mmoja JKT, waliobaki wamefundishana wenyewe uani, kwa kusikiliza na kuigiza. Wana matarumbeta matatu, tromboni moja, ngoma kubwa na ndogo. Wapulizaji ni sita, kwa hiyo kuna zamu: anayepumzika anafuta mdomo wa tarumbeta kwa upindo wa shati na kumpa mwenzake.

Jamani, hawa watu wana elimu. Wanajua kwamba mafuta ya cherehani yanalainisha vibonyezo lakini ukiyazidisha yanavuta vumbi. Wanamjua fundi redio mwenye mkono mwepesi wa kupiga lehemu bila kuunguza bomba. Jumamosi asubuhi wanasugua kila kitu kwa Brasso mpaka unajiona sura. Na wanajua jambo ambalo wengi wetu hatulijui, kwamba tarumbeta ni chombo kigumu mno. Ukilinyoosha bomba lake ni kama mita moja na nusu, na vibonyezo ni vitatu tu. Hivyo vitatu vinakupa urefu saba tofauti wa njia ya upepo, basi. Sauti nyingine zote unazitafuta kwa midomo na pumzi. Ndiyo maana bodaboda wetu ana tabia ya kutetemesha midomo akisubiri abiria kijiweni, na abiria wanadhani ana kichaa. Ukikaa mwezi bila kupuliza, aliniambia, mdomo unakufa.

Na isidhaniwe kwamba ni mchezo mgeni ulioletwa na harusi za ukumbini. Ngoma ya beni, ambayo hata jina lake limetokana na neno bendi, ilianza pwani ya Kenya miaka ya 1890. Vijana wa mjini walizitazama bendi za wakoloni na za misheni, wakachukua walichokipenda na kukifanya chao. Dar es Salaam wakagawanyika Marini na Arinoti, wakashindana kwa sare, vyeo na midundo. Vita ya 1914 hadi 1918 ikawasambaza askari na wapagazi, na beni ikasafiri nao hadi Malawi na Zambia. Profesa Terence Ranger, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975. Mimi kinachonifurahisha zaidi ni watu wa Ziwa Nyasa. Hawakuwa na shaba, wakatengeneza vyao kwa vibuyu vyenye utando unaovuma, wakapanga mistari kama jeshi, na ngoma ikaitwa malipenga, yaani matarumbeta. Mtu aliyekosa tarumbeta akalima kibuyu! Leo sisi tunayo matarumbeta yenyewe na tumeyafungia.

Ndiyo, tumeyafungia. Hapa ndipo ugomvi wangu wa kwanza ulipo.

Makanisa ya Kilutheri na Kimoraviani yalirithi kwa Wajerumani desturi ya kwaya za matarumbeta, na kuna maeneo ambako desturi hiyo bado ina moyo. Lakini si kote. Nikiwa safarini kikazi mikoani niliomba kuona vyombo vya usharika mmoja, jina naliacha. Mzee akanifungulia stoo. Nyuma ya viti vibovu na mifuko ya saruji kulikuwa na vyombo kumi na kimoja: matarumbeta, tromboni, na tuba moja kubwa ambayo panya walikuwa wameigeuza nyumba. Nikauliza kwa nini vijana hawapewi. "Hivi ni kumbukumbu," akasema. "Vijana wataviharibu."

Nikajaribu kubonyeza. Hakikubonyezeka hata kimoja.

Tuelewane kidogo kuhusu shaba. Hii ya matarumbeta ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Mpulizaji anaacha unyevu na mate ndani, na ule unyevu ukiachwa unakula zinki taratibu, yanatokea madoa mekundu, mwisho bomba linatoboka. Vibonyezo vinaingia kwenye nyumba zake kwa nafasi ndogo mno, kwa hiyo uchafu kidogo tu uliokauka unatosha kuvigandisha. Dawa yake ni kuosha, kupaka mafuta na kukitumia chombo. Anayekihifadhi kwa kukitupa kwenye kona yenye unyevunyevu anakiharibu kwa mkono wake mwenyewe, tena bila hata kupata wimbo mmoja.

Wakusanyaji wa kweli wanalijua hili. Marekani kuna daktari, Joe Utley, ambaye yeye na mkewe Joella walikusanya zaidi ya vyombo 600 vya jamii ya tarumbeta, na leo viko kwenye National Music Museum, mjini Vermillion, South Dakota. Utley mwenyewe alikuwa mpiga tarumbeta. Watu wa namna hii wanajua namba ya kila chombo, nani alikitengeneza, kilibadilishwa nini. Mkusanyaji wa aina hiyo namvulia kofia.

Nakubali pia kwamba vipo visivyopaswa kuguswa ovyo. Siwa ya shaba ya Lamu na siwa ya pembe za ndovu ya Pate si za kupelekwa kwenye send-off. Lakini hata matarumbeta mawili ya Tutankhamun, moja la fedha na lingine la shaba, yaliyolala kaburini zaidi ya miaka 3,000, yalipulizwa mwaka 1939 na BBC ikarusha sauti yake duniani. Wataalamu wa leo wangepiga kelele, na wangekuwa na haki, maana vitu vile havina mbadala. Sasa niambieni, tarumbeta la kiwandani, lililotengenezwa kwa maelfu na kuletwa hapa ili lipigwe Pasaka alfajiri, linalindwa dhidi ya nani?

Hata ubovu si kisingizio. Mwaka 1953 tarumbeta la Dizzy Gillespie liliangukiwa na watu kwenye sherehe huko New York, domo lake likapinda kuelekea juu. Akalijaribu, akaipenda sauti, na tangu hapo akawa anaagiza ya kupinda makusudi.

Halafu kuna habari ya Hugh Masekela. Alikuwa kijana mtukutu wa shule ya St Peter's, Johannesburg, pale padri Trevor Huddleston alipomtafutia tarumbeta. Huddleston akaunda bendi ya vijana, na Louis Armstrong akawatumia tarumbeta lake mwenyewe kutoka Marekani. Masekela alipuliza tarumbeta duniani kote karibu hadi kifo chake mwaka 2018. Huddleston huyo huyo alikuja kuwa askofu wa Masasi, hapa hapa kwetu, kuanzia 1960 hadi 1968. Hakuweka lile tarumbeta stoo akasubiri kijana apate adabu kwanza.

Nawasikia watakaosema vijana wataviuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hofu hiyo ina msingi, shaba inauzwa kwa kilo na njaa haina haya. Ila hatufungi maktaba kwa sababu kuna wezi wa vitabu. Weka daftari, andika namba ya chombo, mzazi au mjumbe atie sahihi, na chombo kirudi kukaguliwa kila mwezi. Mlipe mstaafu wa bendi ya Polisi au Magereza nauli na chai aje kufundisha mara moja kwa wiki. Wazee hao wapo mitaani wanacheza bao.

Tusipofanya hivyo, mpiga tarumbeta wa bendi za dansi atatoka wapi? Sikilizeni rekodi za NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, au Mlimani Park ya mwaka 1978. Zile tarumbeta zinazojibizana na gitaa ndizo zinazomwinua mtu kwenye kiti. Siku hizi bendi nyingi zinabonyeza kinanda, kinatoa sauti inayofanana na tarumbeta kama soda ya chungwa inavyofanana na chungwa. Sioni shule nyingine kubwa ya wapulizaji zaidi ya hawa hawa wa kwenye Canter, tunaowaita wapiga kelele.

Wiki iliyopita tarumbeta moja la vijana wangu lilikatika bomba, na fundi redio amesafiri. La pili linavuja upepo. Jumamosi hii wana harusi mbili, Tabata mchana na Kigamboni jioni, na tarumbeta zima ni moja.