Mtalii Afundishwe, Mvuvi Aachiwe Mungu?

Nenda Nungwi au Diani leo, useme unataka kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa. Hutavalishwa mtungi na kurushwa baharini. Utajaza fomu ya afya, utafundishwa siku tatu au nne, na cheti cha kwanza utakachopata kitakuruhusu kufika kina cha mita 18, basi.

Sasa mtazame kijana anayevua jongoo bahari. Hapa kwetu hawaliwi. Wanakaushwa na kusafirishwa China. Waliokuwa maji mafupi wamevuliwa wakapungua, kwa hiyo kijana huyu anavaa mtungi kama wa mtalii na kushuka kina kirefu zaidi, mara kadhaa kwa siku. Mara nyingi mafunzo yake ni kuwatazama wenzake.

Yaani anayezamia kujifurahisha analindwa, anayezamia kutafuta ugali anaachiwa Mungu. Hili linanikera sana.

Wengi tunadhani mzamiaji hodari ni mtu jasiri mwenye pumzi nyingi. Sivyo, ndugu zangu. Ukishuka mita 10, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu. Mita 30, mara nne. Hewa ikikuishia huko, akili itakwambia: bana pumzi, kimbilia juu. Ukiitii, umekwisha! Hewa iliyo kifuani inatanuka kadiri unavyopanda, na inaweza kupasua mapafu. Aliyefundishwa anajua kuitoa taratibu njia nzima.

Kuna na naitrojeni. Huko chini inaingia kwenye damu na misuli. Ukipanda kwa pupa inageuka mapovu mwilini: viungo vinauma, miguu inakufa ganzi, wengine hawatembei tena. Asiyejua atasema kijana kapigwa na jini wa baharini. Aliyefundishwa anapanda polepole, na akifika mita 5 anatulia dakika tatu ndipo amalizie. Akiona dalili anapewa oksijeni na kuwahishwa kwenye chumba maalumu cha mgandamizo.

Mambo haya hayaji kwa ujasiri, yanakuja kwa kurudiarudia. Mwanafunzi anavuliwa kipumulio makusudi akitafute. Anajaza miwani maji kisha anayatoa bila kupanda juu. Anajifunza kumpa mwenzake hewa, na kwamba kupitisha kiganja kooni maana yake nimeishiwa. Hata dole gumba juu, ambalo mjini ni "poa", chini ya maji ni "tupande". Siku ya hatari, mwili unafanya ulichozoea kabla woga haujatawala.

Tusidhani ni hadithi za mbali. Honduras, Wamiskito wanaozamia kamba wakubwa waliumia kwa namna hiihii miaka mingi, wengine wakapooza, wengine wakafa. Kesi yao, yenye majina 42, ilifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika. Mwaka 2021 ilitoka hukumu: serikali ilikuwa na wajibu wa kusimamia makampuni yaliyowatumia watu hao.

Wapo watakaosema dawa ni kupiga marufuku. Kenya ilishapiga marufuku mitungi kwa uvuvi wa jongoo bahari tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na bado wapo waliozamia. Ninakubali marufuku inaweza kumlinda jongoo. Lakini kijana anayezamia kwa kujificha akipata ajali ataogopa hata kwenda hospitali.

Mimi nasema hivi: popote uvuvi huu unaporuhusiwa, asiye na cheti asipewe mtungi. Gharama ya mafunzo ailipe tajiri mwenye chombo, maana faida kubwa ni yake. Kila boti iwe na oksijeni na mtu anayejua kuitumia. Na pale ulipokatazwa, tuwafundishe vijana dalili za ugonjwa huu bila kuwauliza walikuwa wapi jana usiku.

Siku nne tunazoona ni lazima kwa mgeni aliyekuja kutazama samaki, kwa nini ziwe anasa kwa kijana wetu anayeshuka kila siku?

Naomba kutoa hoja.